Viazi Visivyoliwa

Mdogo wangu aliununua ule mmea hapa Kitale, kando ya barabara, mahali wanapouza miche ya parachichi na misaipresi. Alikuwa amekuja kunitembelea baada ya kutoka hospitalini, na tulitembea polepole kwa sababu nyonga ilikuwa bado inamuuma. Akasimama kupumzika. Juu ya kichwa cha muuzaji palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia ulioning'inizwa kwa waya, na kutoka kwenye mkebe zilishuka nyuzi nyembamba za rangi ya zambarau, zikakaribia kugusa ardhi. Kila uzi ulikuwa na majani mawili mawili yenye umbo la moyo, mazito kidogo, ya kijani chenye madoa kama ya fedha. Hapa na pale, palipoota majani, palikuwa na kifundo kama shanga ya kijivu.

"Hivyo ni viazi," muuzaji akatuambia. "Huo mmea unaweka maji yake huko ndani. Hata ukiusahau haukasiriki."

"Hata mwezi mzima?" mdogo wangu akauliza.

"Si nimekwambia? Wewe sahau tu."

Mdogo wangu akacheka, kicheko cha kwanza tangu afike kwangu. "Basi huyu ndiye wangu," akasema.

Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Kwetu Bungoma watu wanaujua sana, ingawa husema tu sikoseli, na wengine hawasemi kabisa. Akipigwa na baridi, akichoka, au maji yakipungua mwilini, mifupa ilimuuma hata shuka ikimgusa alipiga kelele. Sisi nyumbani tulisema "ameshikwa". Ameshikwa, leta maji. Ameshikwa, kimbia umwite Mama shambani. Alipokuwa mtoto, wageni waliokuja kumjulia hali walimtazama Mama kama watu waliokuja matangani. Shangazi yetu mmoja alimshauri asijisumbue na karo ya mtoto huyo. Mama alimwandikisha mtoto shule. Alimbeba mgongoni mpaka shuleni, na umri wa kubebwa ulipopita akaendelea kumbeba, majirani wa Tongaren wakisimama kwenye mahindi kuwatazama wakipita.

Mdogo wangu akamaliza shule. Akajifunza kompyuta, akapata kazi katika duka la kupiga chapa na kutoa nakala Bungoma mjini, akapanga chumba kimoja cha chini ambacho hakikuwa na ngazi, karibu na hospitali. Kilikuwa na dirisha linaloelekea mashariki. Hapo ndipo alipoutundika mmea wake.

Nilipomtembelea nilikuwa nikimuuliza kwa nini hapandi kitu cha kupendeza zaidi, waridi kwa mfano, au hata dania, angalau atie kwenye mchuzi. Alinijibu kwamba maua mengine yote aliyowahi kupanda aliyakuta yamekufa. Alikuwa akilazwa wiki mbili, wakati mwingine tatu, na hakuna jirani anayekumbuka ua la mtu mwingine. Lakini huu alirudi akaukuta umenywea kidogo tu, majani yamelegea, viazi vimekunjamana. Anaupa maji, na baada ya siku chache umejaa tena.

"Angalia," aliniambia siku moja, akishika jani kati ya vidole viwili. "Kunja hivi, kama unakunja sikio la mtoto. Likikunjika, ana kiu. Likikataa, muache. Watu wanaua huu mmea kwa huruma."

Yeye mwenyewe alitakiwa kunywa maji kutwa nzima. Alikuwa na chupa kubwa asiyoachana nayo, na alikunywa hata asipotaka, akikunja uso kama anayekunywa dawa. Alizoea kuuambia mmea, "Mimi nakunywa yangu na yako, bana." Mara moja, akiwa ametoka kuongezewa damu, alikishika kimoja cha vile viazi akasema laiti naye angepewa viazi kama hivyo, awekee damu ya akiba. Alisema kwa mzaha. Mimi sikucheka, na yeye akanikasirikia kwa kutocheka.

Alikuwa na njia yake ya kuuzalisha. Hakukata uzi. Alichukua mkebe mdogo wenye mchanga wa mto na mkaa uliopondwa, akauweka karibu, akalaza uzi juu ya mchanga pale penye kiazi, akakibana kwa pini ya nywele. Kiazi kilitoa mizizi kikiwa bado kimeshikana na mama yake, na ndipo alipokata. Mikebe hiyo aliwapelekea wenzake wa kliniki, wagonjwa kama yeye, vijana waliokutana kwenye benchi lile lile kila mwezi. Binti mmoja kati yao alifariki. Mama yake aliurudisha mkebe, akauacha mlangoni kwa mdogo wangu bila kubisha hodi. Mdogo wangu aliukuta asubuhi alipofungua mlango kwenda kazini, na siku hiyo hakwenda.

Kilichompeleka mdogo wangu kaburini ni kifua. Ilikuwa msimu wa mvua, Bungoma ikawa na baridi ambayo si yake, akaanza kwa kukohoa. Nilipopigiwa simu nilikuwa ofisini. Mimi ni karani katika ofisi ya serikali hapa Kitale. Nilifika Bungoma mchana nikamkuta wodini, ana mpira wa oksijeni puani, macho yamekuwa ya manjano kama ndizi mbivu. Alinitambua. Akaniomba nimpashe miguu joto. Nikakaa mwisho wa kitanda nikaisugua miguu yake, mmoja baada ya mwingine, na ilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani.

"Mama asiambiwe," akasema. "Mpaka nitoke."

"Sawa."

"Usiseme sawa halafu umpigie. Atakuja kwa miguu yule."

Nikamwahidi. Daktari alikuja, nesi akaja, wakaongeza kitu kwenye dripu. Wote walifanya walichoweza, nami niliwaona. Keshoye, wakati wodi ikinywa chai, mdogo wangu aliacha kukohoa. Nilidhani amepata nafuu.

Mama aliambiwa na kaka yetu, ambaye ndiye mkubwa wetu na anaishi naye Tongaren. Tulikuwa watatu tu kwa mama yetu: kaka, mimi, na yeye kitinda mimba. Nilijiandaa kumwona Mama akianguka. Hakuanguka. Katika siku zote za matanga alikaa kwenye mkeka na kitambaa chake kichwani, mikono mapajani, macho makavu. Mara kwa mara aliinuka akaenda nyuma ya nyumba kuwauliza wapishi kama wageni wamekula. Tulipokuwa tukishusha jeneza, pale ukingoni mwa shamba, alikuwa akitazama mahindi. Wanawake wa kanisa walimsifu. Walisema huyu ni mama wa imani. Kaka na mimi tulikubali, tena tulijivunia.

Baada ya mazishi nilikwenda Bungoma kutoa vyombo katika kile chumba, kwa maana mwenye nyumba alikuwa amepata mpangaji mwingine. Godoro na sufuria nilimpa jirani. Nguo nilizikunja. Mmea ulikuwa umefika sakafuni, na nyuzi zingine zilikuwa zimegeuka zikaanza kutambaa chini ya kitanda. Sikujua namna ya kuusafirisha. Mwishowe niliulaza mkebe katikati ya ungo, nikazizungusha nyuzi pembeni yake duara kwa duara, kama mtu anayepanga kamba ya katani, nikaufunika kwa leso yake, nikaupakata hadi Kitale.

Kwangu niliutundika kwenye chuma cha dirisha la sebuleni, na mara moja nikaanza kuuua. Sijui nieleze vipi. Nilijua kabisa kuhusu jani na sikio la mtoto. Lakini kila asubuhi nilipopita mbele yake mkono ulikwenda wenyewe kwenye kikombe. Kitale ina baridi, hasa mwezi wa saba upepo unaposhuka kutoka Mlima Elgon, na mchanga haukauki. Nyuzi zikaanza kuwa laini, zikawa kama zimechemshwa, majani yakadondoka ukiyagusa tu. Nilipochimba nikakuta kiazi kikubwa cha chini, kile kikongwe, kimegeuka uji. Nilikikata, nikaacha vipande vya nyuzi vilivyokuwa bado vizima vikauke juu ya gazeti, nikavipanda upya kwenye mchanga mkavu, nikakificha kikombe. Mmea ukakaa bila kufanya lolote kwa muda mrefu. Halafu ukaanza kuota, na mwaka uliofuata ukatoa maua. Maua yenyewe ni ya ajabu, madogo kuliko ukucha, kama taa ndogo iliyobanwa juu, ya rangi ya waridi iliyochakaa, na ndani yana vinyweleo vyeusi. Mdogo wangu hakuwahi kuniambia kwamba unatoa maua. Labda hakuwahi kuyaona. Nilitamani kumpigia simu.

Ilikuwa katika mwaka huo kaka alipopiga simu kuhusu Mama.

"Dada, kuna shida hapa," akasema. "Amepanda mahindi juu ya mahindi. Shamba lilishapandwa, likaota, yeye ameenda na jembe akapanda tena katikati ya mistari. Nikamuuliza, akasema ati hakuna mtu amepanda."

"Labda amechoka."

"Juzi aliwasha jiko akatoka, akaenda mtoni. Nyumba ilijaa moshi. Mke wangu anaogopa kwenda sokoni akimwacha peke yake."

Nikamchukua. Watoto wangu wako vyuoni, nyumba yangu ina nafasi, na mjini kuna madaktari. Daktari alimuuliza Mama mwezi gani huu, rais ni nani, taja vitu vitatu. Mama alimjibu kwa adabu kwamba yeye ni mkulima na mambo hayo amuulize binti yake. Daktari akaniambia nje, kwa sauti ya chini, kwamba mambo hayatarudi yalivyokuwa.

Siku ya kwanza alipoingia sebuleni Mama alisimama mbele ya dirisha, akaushika uzi mmoja, akaupitisha kati ya vidole mpaka mwisho, kama anavyokagua mashina ya viazi vitamu kabla ya kupanda.

"Hivi ni viazi gani?"

"Si vya kula, Mama. Ni ua."

"Ua lenye viazi." Alinitazama kama mtu aliyedanganywa sokoni. "Nani anapanda viazi ukutani?"

"Ni wa mdogo wangu."

"Aah." Uso wake ukafunguka. "Yeye yuko wapi? Mbona hajaja kunisalimia?"

Nilidhani anatania, ingawa Mama si mtu wa utani. Nikamwambia, "Mama, mdogo wangu alifariki. Tulimzika nyumbani. Ulikuwepo."

Sauti iliyomtoka sitaisahau. Aliweka mikono kichwani akaanguka magoti, akamwita kwa jina lake la utotoni, lile la kubembelezea, ambalo hakuna aliyelitumia kwa miaka mingi. Jirani yangu wa mlango wa pili, mjane ambaye babu zake walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima huku Trans-Nzoia, alikimbia kuja akidhani kuna mtu amekufa humo ndani. Tulikaa naye sakafuni mpaka alipolala.

Asubuhi nilimkuta jikoni amenyoosha kanga yake vizuri, anatafuta kiberiti. "Mdogo wako ameamka?" akauliza.

Nikamwambia tena. Na keshokutwa yake tena. Sikuona njia nyingine. Mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mtu hamdanganyi mzazi wake. Kila mara alilia vilevile, upya, kama mtu anayepigwa pale pale penye kidonda na kidonda hakijui kuwa kimeshapigwa. Yale machozi ambayo hakuyatoa kwenye matanga yalikuja yote kwangu, katika sebule ya kupanga, bila mkeka, bila nyimbo, bila watu.

Jirani yangu ndiye aliyeniambia niache. Alikuwa amemuuguza mumewe miaka mingi.

"Dada, sikiza," akasema. "Wewe unamwambia ukweli, lakini unamuua kila siku. Akiuliza, sema yuko. Itakuwa dhambi yako wewe, si yake."

Basi nikaanza kusema yuko. Yuko Bungoma. Yuko kazini. Anakusalimia. Kwa wiki kadhaa nyumba ilitulia. Mama aliuliza, nikajibu, akaridhika, akarudi kukaa karibu na dirisha akichambua maharagwe ambayo nilikuwa nimeshayachambua nikayachanganya tena ili apate kazi.

Ila uongo nao huota. Mtoto aliye hai lazima atembelewe. Mama akaanza kuuliza kwa nini hatuendi Bungoma. Akauliza kama ameshikwa. Nikasema hapana. Akasema kama hajashikwa mbona haji? Nikasema basi, ameshikwa kidogo, lakini anaendelea vizuri. Hilo lilikuwa kosa, maana tangu hapo hakupumzika. Alivaa viatu asubuhi akakaa mlangoni na mkoba mapajani. Niliporudi jioni nilimkuta palepale.

"Unanificha mtoto wangu," alinishtaki siku moja, kwa utulivu kabisa. "Sijui nilikukosea nini."

Nilikuwa nimemtafutia mwanamke mmoja wa kukaa naye nikiwa kazini. Siku ile mwanamke huyo alikuwa nyuma akianika nguo. Aliporudi ndani alikuta mlango wazi, jiko bado lina joto, na Mama hayupo. Alinipigia simu akilia. Nilitoka ofisini bila kuaga, nikaenda kwanza stendi kwa kuwa nilijua anataka Bungoma. Niliuliza makanga wa matatu, niliuliza wauza karanga. Hakuna aliyemwona. Jirani yangu naye alizunguka soko lote. Ni yeye aliyepata wazo la hospitali. "Si anatafuta mgonjwa?" akaniambia kwenye simu. "Basi atakuwa ameenda kwa wagonjwa."

Nilimkuta katika wodi ya wanawake, hapa hapa Kitale. Ulikuwa ni wakati wa kutazama wagonjwa na wodi ilikuwa imejaa watu, chupa za chai, watoto. Kwenye kitanda cha pembeni alilala msichana mwembamba, nywele zimesukwa zikalegea. Mama alikuwa amekaa mwisho wa kitanda. Alikuwa ameiweka miguu ya yule msichana mapajani mwake, anaisugua, mmoja baada ya mwingine, akimwambia kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, kwamba joto linakuja, avumilie, joto linakuja.

Nilisimama pale kati ya vitanda. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye ule mwisho wa kitanda kule Bungoma. Yeye hakuwepo. Hakuambiwa.

Nilipojikaza nikamwendea yule msichana kumwomba msamaha. "Ni mama yangu," nikasema. "Hayuko sawa. Amekusumbua."

"Muache tu," msichana akanijibu. "Mimi natoka mbali, Cheptais. Tangu niletwe hapa hakuna mtu amekuja kunishika."

Kwenye meza ndogo kando yake palikuwa na bakuli langu la plastiki, lile la bluu, limefunguliwa. Ndani yake mlikuwa na viazi vidogo vidogo vilivyochemshwa, vya kijivu, vingine vimepasuka, na chumvi imenyunyizwa juu. Vikubwa vilikuwa kama yai la kware, na vidogo kabisa kama shanga. Ilinichukua muda kuelewa ninachokiona. Mama alikuwa ameung'oa mmea wote. Alikuwa amevichuma viazi kimoja kimoja kutoka kwenye kila uzi, akaviosha, akavipika, akampelekea mtoto wake chakula hospitalini.

"Umekula?" nikamuuliza msichana.

"Nimekula kimoja. Havina ladha." Akatazama pembeni. "Lakini alikuwa amevibeba kwa mikono miwili, na vilikuwa vya moto. Ningekataaje?"

Nilimtafuta nesi nikamweleza. Akanitazama, akaonja kimoja kwa ncha ya ulimi kama mpishi, akasema tumwangalie tu msichana. Hakupata shida yoyote kutokana nacho. Nilirudi siku mbili tatu kumletea uji na kukaa naye kidogo. Mara ya mwisho nilipokwenda kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine, na mgonjwa wa kitanda cha jirani hakujua kama msichana aliruhusiwa au vipi. Sikwenda kuuliza zaidi.

Nyumbani, siku ile ya bakuli, nilikuta nyuzi zimetupwa chini ya sinki pamoja na maganda ya ndizi. Mama alikuwa mvunaji mzuri, ameacha vichache sana. Niliokota vipande ambavyo bado vilikuwa na kifundo, nikavilaza juu ya mchanga, nikavibana kwa pini. Vingi vilioza. Vichache vikashika. Sasa viko kwenye mkebe mmoja dirishani, na urefu wake haujapita kiganja. Siwagawii watu, kama alivyofanya mdogo wangu.

Kaka alikuja mwenyewe kumchukua Mama. Hatukubishana sana. Mjini ingebidi nimfungie mlango, na huko Tongaren angalau akitembea anatembea kwenye shamba lake, na kila anayekutana naye njiani anajua amrudishe wapi. Nilikwenda nao. Tulifika wakati wa palizi, mahindi yakiwa yamefika magotini. Mama alishuka, akatazama mistari, akakosoa nafasi kati ya mashimo, na kaka akafurahi kukosolewa. Halafu akaona kaburi. Tulikuwa tumelijengea saruji na kuweka msalaba, na ukingo wake umepakwa chokaa.

"Nani amelala hapa?"

Nilifungua mdomo kusema ni jamaa tu wa mbali. Kaka akanitangulia. Yeye hajui kudanganya, hajawahi kujua. "Ni mtoto wako wa mwisho, Mama. Sikoseli ilimchukua."

Mama akaketi kwenye udongo. Safari hii kilio chake kilisikika mashamba ya jirani, na wanawake wakaja. Walikuja na majembe mabegani, miguu ina matope, mmoja baada ya mwingine, wakakaa naye chini kulizunguka kaburi. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo haya yalishapita. Mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Mama aliongoza ubeti mmoja, sauti yake imepasuka lakini maneno yote anayakumbuka. Walimlilia mdogo wangu mpaka mbuzi wakarudi. Nililia nao. Nilidhani hatimaye jambo limekwisha.

Tulipoingia ndani kula, Mama alitazama kila uso mezani, akaniuliza, "Mmemwekea mdogo wako chakula?"

Kaka na mimi tulitofautiana kuanzia hapo, na hatujapatana hadi leo. Yeye alimwambia ukweli kila alipouliza. Mimi, nilipokuja mwisho wa mwezi, nilisema yuko. Mke wa kaka alituambia kwa hasira kwamba tunamrarua mwanamke mzee vipande viwili. Alikuwa na haki. Lakini hakuna kati yetu aliyeweza kubadilika. Nilifika mahali nikaogopa kwenda, kwa ajili ya lile swali.

Mwezi uliopita nilimkuta ameketi uani juani, blanketi mapajani, amekonda, mikono imekuwa miepesi kama maganda ya mahindi. Nikamsalimia, akaitikia. Nikasogeza kiti changu karibu, nikammenyea ndizi, akala. Tukazungumza juu ya mvua. Nikangoja. Jua likahama, nikamhamishia kiti, nikangoja tena. Hakuuliza.

Mwishoni nilishindwa. "Mama," nikasema, "leo hujaniuliza kuhusu mdogo wangu."

Akanigeukia. Alinitazama kwa upole mkubwa, upole ule anaoutumia kwa wageni.

"Una mdogo?"

"Ndiyo."

"Ni vizuri. Mko wangapi kwenu?"

"Tuko watatu."

Akatikisa kichwa kukubali, akavuta blanketi. Halafu akakumbuka adabu.

"Na mama yenu," akaniuliza, "hajambo?"

"Hajambo," nikamjibu.